Ukoko wa Sufuria la Watu

Sijasoma. Niliishia kisomo cha watu wazima, na mpaka leo nasoma kwa kufuata kidole. Lakini mtu akimwita mjukuu wangu mwizi naelewa upesi, sihitaji kidole.

Zilikuwa siku zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kariakoo ukiamka unakuta duka jipya: redio, mabeseni ya plastiki, manukato, viatu vilivyovaliwa na watu wa Ulaya. Na vyuo navyo vikaota kama uyoga. Mjukuu wangu alijiandikisha chuo cha kompyuta, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Kompyuta zilikuwa mbili tu, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni, na wanafunzi wamebanana kwenye benchi wakingoja zamu. Walifundishwa lugha ya kuiamrisha mashine, inaitwa C. Herufi moja, lakini ilimliza mtoto kuliko kitabu kizima. Kila akilia, kesho yake anarudi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kugusa kitu kile, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia wapangaji wote pale nyumbani Ilala.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, masufuria makubwa ni yangu na wengine huja kuyaazima. Mtoto yule amekua akisugua ukoko kwa mchanga na kifuu.

Siku moja alirudi saa za masomo hazijaisha, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Wamenifukuza, Bibi. Wanasema nimeiba mtihani."

"Umeiba?"

"Sijaiba!"

"Basi futa machozi unieleze."

Akaeleza. Walipewa kazi ya kuisomesha mashine faili, yaani maneno yaliyohifadhiwa kwenye disketi. Yeye kwenye faili lake aliandika vyakula vyangu: pilau, mchuzi, kachumbari.

"Programu ikitaka pa kuweka maneno, inaiomba mashine nafasi, kama watu wanavyokuja kwako kuomba sufuria. Mimi nikaomba kubwa, nikaogopa faili lisije likafurika. Halafu nikaiambia mashine ionyeshe vyote vilivyomo, mpaka chini. Vyakula vikatoka. Chini yake yakatoka maswali ya mtihani."

"Yametoka wapi?"

"Mwalimu alikuwa akiyaandika asubuhi kwenye mashine ileile. Mashine haioshi, Bibi. Anayefuata anapewa hivyohivyo."

Nikakumbuka masufuria yangu. Sufuria langu likienda kwa wavivu linarudi wali umeganda chini. Nikimpa mwingine bila kuliosha, atakuta chakula cha watu. Huyo naye mwizi?

"Ulimwambia?"

"Hakuningoja nimalize. Kaniita mwizi mbele ya wote."

Nikajifunga kibwebwe, nikamshika mkono tukarudi naye chuoni. Ngazi za jengo lile nilizipanda bila kupumzika, hasira ndiyo iliyonibeba.

Mwalimu alikuwa kijana mwenye tai, jasho linamtiririka. Namzidi hata mama yake kwa umri. Aliponiona alisema, "Haya mama, tukusaidie nini?" Shikamoo hakuna.

"Umemwita huyu mwizi. Nimekuja kuuona wizi."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Wizi si utaalamu. Kwetu Ilala hata kuku anaujua."

Benchi likacheka. Mjukuu wangu akasogea mbele. "Mwalimu, nimekosea, sikuhesabu nilichosoma kwenye faili, nikaonyesha nafasi nzima. Lakini sikuiba. Andika kitu sasa hivi, ukifunge, niendeshe programu yangu uone."

"Sina muda wa kubishana na watoto."

"Mimi ninao," nikasema, nikakaa. "Maharage nimeyaloweka, hayana haraka."

Akanitazama, akawatazama wanafunzi wake, akaona hakuna pa kukimbilia. Akaandika kitu huku amekiziba kioo kwa mgongo, anatabasamu peke yake. Akafunga. Mtoto akatia disketi yake. Pilau, mchuzi, kachumbari. Chini yake alama za ajabu tu, kama nyayo za kuku matopeni.

"Mmeona?" mwalimu akasema. "Kesho nisimwone hapa."

Nikawaza wapangaji wale, namna watakavyonipa pole huku wanacheka. Lakini mtoto hakuinuka kitini.

"Nafasi niliyoomba haijafika alipoandika," akasema. "Naongeza."

Akabadilisha namba, akaendesha tena. Vyakula vikapita, nyayo za kuku zikapita, kisha chini kabisa likatokea neno. Benchi zima likasimama. Nikainuka na mimi, nikaweka kidole kwenye kioo, nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama nilivyofundishwa:

"M-pi-shi a-ru-di ji-ko-ni."

Kijana mmoja nyuma akapasuka: "Mwalimu, umeumbuka!" Wakacheka mpaka chuma cha dirisha kikalia.

Mimi sikucheka. Naapa sikucheka.

"Jikoni ndiko nilikotoka," nikamwambia. "Ada ya huyu imetoka jikoni. Hiyo tai yako ina moshi wa kuni zangu, inuse."

Uso ulimwiva. Akainamisha kichwa, ndipo ulimi wake ukakumbuka adabu. "Shikamoo, Bibi."

Nikaiacha ining'inie.

"Anza na huyu. Ulimwita mwizi kwa sauti, mbele ya hawa. Mrudishie jina lake kwa sauti ileile."

Akanong'ona samahani. Nikamwambia sijasikia. Akaisema tena, mara hii hata wauza vitenge chini wangeisikia: hakuiba, arudi darasani.

Mjukuu wangu hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa ameshainamia mashine, anarekebisha kosa lake, na midomo inahesabu. Nikashuka ngazi taratibu, goti linauma sasa.

Na marahaba yangu hakuipata.