Shangazi Dorcas na Mpimaji wa Hopsi

Shangazi yangu Dorcas Preece hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila Septemba alichuma maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake, kwenye shamba la kina Bufton hapa Herefordshire, Uingereza. Na kila Septemba aligombana na Edwin Gwilliam, mpimaji, aliyekuja kwa treni na kikapu chake cha kupimia mavuno ya kila mchumaji.

"Golding ndiyo hopsi ya wastaarabu, Bi Dorcas," Edwin alimchokoza. "Inanukia asali."

"Kaioe basi!" Shangazi alisugua viganjani ua la Fuggle, aina aliyoipenda yeye, akamsogezea puani. "Nusa hii. Udongo uliolowa, majani mabichi, mnanaa kwa mbali. Uchungu wake hauna makelele. Unameza bia yako, unajifuta mdomo, ndipo unausikia."

"Kama wewe."

"Mimi makelele ninayo, Bwana Mpimaji. Pima!"

Pale shambani hadi mbwa walijua kwamba wanapendana. Kusema ndiko kulikowashinda.

Mwaka mmoja tajiri wa shamba akanunua mashine ya kuchumia. Mwakani hakuna wachumaji, na pasipo wachumaji mpimaji ni wa nini? Siku ya mwisho Shangazi alichuma kimya, nami roho iliniuma.

Lakini siku ya mwisho ina desturi yake. Wanawake humkamata mpimaji, humtupa ndani ya kihori cha gunia tunachochumia, humfukia kwa hopsi, na hatoki mpaka abusiwe. Tukambeba Edwin juujuu, miguu hewani, kofia kule! Harufu ilitupanda kichwani, tukalewa kabla ya bia. Mara Shangazi, ambaye miaka yote alijitenga na upuuzi huo, akakunja sketi, akarukia ndani, akamkalia.

"Hutoki mpaka useme!"

Edwin akaibuka na maua masikioni, akapiga chafya. "Niseme nini? Mwakani sina sababu ya kuja huku, Dorcas."

Ile "Bi" ilikuwa imepotelea humo humo kwenye hopsi.

"Basi usiondoke," Shangazi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Akambusu mwenyewe. Tulipiga kelele hadi farasi wakatimka, na treni ya jioni ikaondoka bila mpimaji.

Hadi leo Edwin anashikilia kwamba Golding ni bora. Mto wake wa kulalia umejaa maua ya Fuggle.