Pedi Zilizokunywa Mafuta ya Saa

Sogeeni kidogo, maana mtu ninayetaka kuwasimulia si mtu wa kelele. Ni fundi saa. Miaka thelathini na mbili ameinama kwenye meza ileile chini ya ngazi za posta, lenzi imebanwa jichoni. Kitu kikilia mahali kisipotakiwa kulia, yeye ana dawa moja tu: tone la mafuta kwa ncha ya sindano.

Sasa breki ya mbele ya pikipiki yake ilipoanza kulia, mnadhani alifanya nini?

Ndiyo hivyo. Alichuchumaa uani, akatafuta pale pedi inapobana diski, akatia tone. Kelele ikakoma papo hapo, akanawa mikono kwa raha zake. Asubuhi akampakia mkewe, mshonaji wa sare za shule, wakateremka mlima. Kwenye kona akabana breki ya mbele, ikawa kama kabana hewa. Ya nyuma ikajitahidi peke yake, wakaja kusimama ndani ya ua wa watu, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Hakuna aliyeumia. Mama akashuka, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Mimi na hicho chombo chako, basi."

Tangu siku hiyo akawa anateremka kwa miguu, furushi la sare kichwani, na lile goti lake bovu. Siku ya nne mumewe alimwona kupitia dirisha akisimama mara tatu kulishika goti kabla hajafika konani. Moyo ukamuuma. Akazifungua pedi, akazitia mfukoni, akaenda duka la spea.

Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi, mji mzima unamwita Bi Nati. Alizinusa zile pedi kama mtu anayenusa maziwa.

"Baba, nani kazitia mafuta hizi?"

Fundi akakohoa. "Nikiziosha kwa petroli, je?"

"Zimeshakunywa hizo. Mkate ukiangukia kwenye chai utauanika?"

"Kwa hiyo kitu hiki kinatakiwa kisuguane?"

"Ndiyo kazi yake! Kisiposuguana, utasimamaje?"

Fundi saa akabaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo anapigana na msuguano, kumbe kuna watu wanauuza kwenye maboksi! Akavuta kigoda, akatoa lenzi yake, akataka kuona kila kitu.

Bi Nati akampangia jozi tatu. Ya kwanza nyeusi, laini kidogo. Ukiipitisha ukucha inaacha unga. "Hizi hazipigi kelele, ila zinaisha upesi." Ya pili ilikuwa na chembe za shaba zinazometameta. "Hizi zinauma hata kwenye mvua. Ila zinakula diski, na zinalia." Ya tatu ilipendeza kuliko zote, maandishi ya dhahabu juu yake. Fundi akaigeuzageuza mbele ya lenzi.

"Dada, hii ina ufa. Hapa inapogandishwa kwenye bati."

"Wapi? Hebu nipe hicho kidude." Bi Nati akabana lenzi jichoni, akatazama muda mrefu. Kisha akalitoa boksi zima kwenye rafu, akalisukumia chini ya meza.

"Mzee," akaita mteja wa nyuma, "unanunua pedi au unaposa?"

"Niache nichague, mwanangu. Hata mchumba sikumtazama hivi."

Bi Nati akamuuliza, "Unambeba nani?"

"Mama watoto. Na mlimani."

"Bado anapanda?"

"Hapandi."

"Basi chukua zinazouma. Zikilia, ziache zilie. Diski ifute kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, halafu zizoeze kwanza kwenye tambarare."

Akafanya yote. Jioni, mkewe yuko kwenye cherehani, akamwambia, "Mama watoto, siku ile kosa halikuwa la pikipiki. Ni mimi. Niliitia mafuta."

Cherehani ikasimama. "Kwenye breki?"

"Ilikuwa inalia."

"Na mimi nikilia, utanitia mafuta?"

Fundi akaichukua lenzi yake, akaanza kuipangusa.

Asubuhi mama akatangulia kwa miguu hadi kwenye kona, akatua furushi. "Teremka peke yako nikuone." Akateremka, akasimama. "Tena." Akapanda, akateremka, akasimama. Mara ya tatu tairi lilisimama hatua moja kutoka vidole vya mama, naye hakusogea. Ndipo akapanda, furushi mapajani.

Hawajaenda mbali akamdunga mbavuni. "Simama."

Akasimama, breki ikilia hadi watu wakageuka.

"Haya, twende." Hatua ishirini. "Simama."

Walisimama mara kumi na moja kabla ya kufika kwenye geti la shule. Mama akashuka, akajitwika furushi kichwani, akaanza kuingia. Kisha akageuka.

"Saa kumi na nusu uje unichukue."