Niliuza mikarafuu ya mama nikanunua hisa za magari ya umeme

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Tangu jana nawasoma mnabishana kama thamani ya ile kampuni ya magari ya umeme ni halali au ni upepo tu. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni Mluguru wa Matombo. Nina stationery ndogo Mzumbe, na nilisoma mambo ya fedha mpaka nikavaa joho. Hilo joho mlikumbuke mkiwa mnanitukana.

Kwetu milimani ardhi ni ya ukoo wa mama, haiuzwi. Ila miti ni ya aliyeipanda. Ukiuza miti, mnunuzi anavuna hapo mpaka ife, na mkarafuu haufi leo wala kesho. Mama yangu aliipanda yake akiwa na mimba yangu.

Basi nikaingia group moja la Telegram. Kila siku screenshot, hisa inapaa. Nikaweka vijisenti kwenye app, vikaumuka. Nikajiona mchambuzi, nikapanda mlima kwa mama.

"Mama, tuuze miti. Ardhi inabaki ya ukoo, hatupotezi kitu."

"Hiyo hisa inazaa lini?"

"Haizai, mama. Inapanda bei."

"Inapanda kwa nini?"

"Watu wanaitaka."

"Na wakiacha kuitaka?"

Nikakasirika, wakuu. Nikamwambia dunia imebadilika, mafuta yanaisha, umeme ndiyo future. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba ile. Hapo ndipo panaponiuma. Mama hakuiamini hisa, aliniamini mimi.

Miti ikachukuliwa na mfanyabiashara wa viungo wa hapohapo kijijini. Hela yote nikaitumbukiza, bei ikiwa juu kabisa.

Wiki za kwanza ilipanda, nikawa najitapa status. Halafu ikatoka ripoti kwamba mauzo ya magari hayakufika walipotarajia, bei ikaporomoka. Wakubwa wa group wakasema shikilia. Nikashikilia, ikazidi kushuka. Siku nilipochoka nikauza, na kilichorudi kiliishia kwenye kodi ya fremu ya stationery.

Sasa sikieni uchungu wenyewe. Mimi kutoka tu, ikapanda tena! Na si kwamba walikuwa wameuza magari zaidi. Walitoa ahadi mpya, basi.

Kuna mdau ameandika humu kwamba sisi tuliouza tulikosa subira. Mkuu, kampuni inathaminiwa kuliko wenzake wanaouza magari mengi zaidi yake. Hiyo mimi naiita bei ya matumaini. Huenda yakatimia, sina utabiri. Lakini tajiri anasubiri na hela ya ziada, mimi nilikuwa nasubiri na miti ya mama yangu.

Msimu uliopita nilikwenda Matombo. Nyumbani sikumkuta mtu. Nikamkuta mama kulekule shambani, kikapu kiunoni, anachuma karafuu kwa ujira, kibarua wa yule mfanyabiashara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za Mzumbe?"

Hakunilaumu. Hajawahi. Nikaona aibu kusimama mikono mitupu, nikavuta tawi moja nimsaidie.

"Taratibu mwanangu, usilivunje. Si letu hilo."

Wakuu, nilichojifunza ni kifupi. Ukitaka kubahatisha, bahatisha na jasho lako, mzazi mwache na chake. Na swali la mtu asiyesoma usilidharau kwa sababu tu limekushinda kujibu.

Mnaosema ile thamani ni halali, wekeni hoja zenu hapa chini. Na matusi nayapokea. Nyumbani hakuna aliyenitukana, na ningeona afadhali wangenitukana.