Kimulimuli ni Ipi?

Fundi simu hakuwahi kuandika jina la mteja. Kila simu aliibandika kikaratasi chenye jina la kitu tu, maana sura ya mtu, alijigamba, haimpotei. Leo homa imemlaza, na mkewe amebaki dukani na simu tatu nyeusi, zote zimeandikwa "Kimulimuli".

"Zote zinafanana na yangu," alisema mzee aliyefuata simu yake.

Mke akampigia mumewe.

"Moja imetengenezwa na kampuni ya Kimulimuli," fundi alisema. "Nyingine, mchezo wa Kimulimuli umegoma kufunguka. Ya tatu ni ya mpiga ngoma wa bendi ya Kimulimuli."

Mke akamgeukia mzee. "Mzee, unapiga ngoma?"

"Nilipiga, kabla magoti hayajanikataa."

"Na michezo ya simu?"

"Mjukuu huchezea. Kampuni siijui, nilinunuliwa."

"Huku sielewi kitu!" mke aling'aka simuni.

"Mtazame tu sura," fundi akajibu taratibu. "Mimi hufanya hivyo."

"Sura naiona, baba watoto. Anayeijua ni wewe, na umejifunika shuka!"