Sijambo ya Bi Zuwena

Bi Zuwena alisahau mengi, ila hakusahau adabu. Alisahau njia ya dukani. Alisahau jina la marehemu mumewe, kisha akasahau kwamba ni marehemu. Alisahau kuwa jiko likiwashwa huzimwa. Lakini ukimwamkia, hata umkute akipanga viatu ndani ya friji, alikuitikia kama aliyeketi nyumbani kwake Kibokoni na udi unafuka: "Sijambo, nashukuru Mungu. Nawe u hali gani? Wa kwenu hawajambo?"

Sijambo hiyo ilikaribia kumtia wazimu bintiye Nasim.

Nasim aliishi ng'ambo, Stratford, ghorofa ya pili, na kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha treni. Alisimama jukwaani na koti la rangi kali akiwaambia watu kwamba treni imechelewa, na watu wakimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeichelewesha. Alimleta mamake kutoka Mombasa mwaka tisini na nne, baada ya msiba wa baba. Wakati ule Bi Zuwena alikuwa mpishi, msemaji na mcheshi, akajua majina ya majirani kabla ya Nasim kuyajua. Maradhi ya kusahau yaliingia taratibu, kama maji chini ya mlango. Kufika mwaka elfu mbili yalikuwa yamejaa nyumba.

Kila Ijumaa Nasim alikwangua kadi ya simu, akabonyeza tarakimu zisizokwisha, akampata kaka yake Msabaha dukani kwake Mombasa, alikouza spea za magari. Kisha akampa mama simu.

"Shikamoo, Mama," alisema Msabaha.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe waendeleaje?"

"Mimi sijambo kabisa. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Alhamdulillahi. Wasalimu nyumbani." Akamrudishia Nasim simu huku akinong'ona, "Nani yule?"

Msabaha hakuusikia mnong'ono. Alichosikia kilimtosha. "Mama mzima kama kigongo," alimwambia dadake. "Anakumbuka hata kuniuliza kama nimekula."

"Mleta barua naye huulizwa hivyo hivyo."

"Basi ana adabu. Wewe umechoka, Nasim. Jaribu kulala mapema."

Nasim alikata simu akalifokea sufuria.

Watu wa halmashauri walipokuja kumpima mama kama ahitaji kutunzwa, mambo hayakuwa tofauti. Alikuja afisa mmoja mpole, pamoja na mkalimani Mkongo aitwaye Déogratias, mtu wa Bukavu, kijana mwenye tai. Bi Zuwena aliwapokea mlangoni, akawakalisha, akawaulizia wazazi wao.

"Mama, uko muzuri?" akauliza Déogratias.

"Sijambo, baba."

"Unaweza kujipikia chakula?"

"Ah, msiondoke bila kula. Nitawapikia sasa hivi."

Déogratias alitafsiri kila neno kwa uaminifu. Afisa akatabasamu, akaandika. Nasim alikuwa amesimama nyuma yao akionyesha jiko kwa kidole, jiko ambalo alikuwa amelifungia bomba la gesi tangu mama aunguze pazia. Hakuna aliyemtazama. Bi Zuwena alipita mtihani ule kama mwanafunzi bora wa darasa.

Hata ikafika Januari ya mwaka elfu mbili na tatu, Bi Zuwena akashuka ngazi amejifunga kanga mbili na miguu mitupu, akasimama kituo cha basi akiwaamkia wapita njia. Theluji ilikuwa chini. Mwende, jirani wa chini, Mkamba aliyekuwa mlezi katika nyumba ya wazee, alimkuta akirudi kutoka zamu, akamrudisha ndani na kumkanda vidole hadi damu ikaanza kupita.

Afisa alirudi upesi. Safari hii Nasim alimwekea Déogratias mkono begani mapema. "Ndugu yangu, usimuulize hali. Ukimuuliza hali umekwisha. Muulize mumewe yuko wapi."

Déogratias akauliza.

"Ametoka kidogo," akasema Bi Zuwena. "Ngojeni, yuaja. Mtakunywa chai?"

Mwezi wa Machi chumba kikapatikana katika nyumba ya wazee iliyokuwa na bustani nyuma, karibu kiasi cha kufikika kwa basi moja. Kilikosekana kimoja tu: Nasim kusema ndiyo. Watu wa halmashauri wakampigia mara ya kwanza, akasema bado. Wakampigia tena wakamwambia kwa upole kwamba chumba kitangoja hadi mwisho wa Mei, hakiwezi kungoja milele.

"Sasa unangoja nini?" akauliza Mwende wakiwa wanaanua nguo. "Mimi hufanya kazi kwa hizo nyumba. Si jela. Wengine hunenepa."

"Nangoja neno la kaka yangu."

"Kwani kaka yako ndiye humwosha?"

"Haoshi. Ndiyo maana nataka neno." Nasim alikunja shuka kwa hasira hadi likawa kama matofali. "Nikimpeleka peke yangu, nitaambiwa mpaka nafa kwamba Nasim alimtupa mamake. Yeye kila siku aniambia 'haya, mpeleke ukiona vyema.' Mimi sitaki 'mpeleke'. Nataka 'tumpeleke'. Aongeze tu hiyo 'tu'. Ni herufi mbili, Mwende. Mtu akiombwa herufi mbili ni kama ameombwa figo."

Aliye kando haangukiwi na mti, na Msabaha alikuwa kando ya bahari nyingine kabisa. Nasim akaamua kumsogeza chini ya mti. Akamwandikia mwaliko, na mwezi wa Mei Msabaha akafika na tende, halua na koti aliloazima, zito kuliko yeye.

"Karibu, karibu," mama akampokea. "Habari za safari? Wa kwenu hawajambo?"

Msabaha alimgeukia dadake kwa ushindi. "Mwone. Nilikwambia."

Siku mbili alikaa akila na kushangilia afya ya mama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Nasim alimwonyesha mahali pa taulo, nguo za kubadilisha na chakula cha kupashwa moto, akavaa koti lake la kazi akaenda kutangaza treni.

Aliporudi jioni alimkuta Msabaha amesimama ukumbini, taulo begani, sahani ya wali mkononi. Wali ulikuwa umekauka. Mama alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kiti na buibui limemfunika mpaka machoni. Harufu ilimwambia Nasim yaliyobaki.

"Hakubali nimguse," akasema Msabaha. "Hataki kula mbele yangu. Anasema mimi si maharimu wake."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema, 'Samahani, bwana, nyumbani leo hamna mwanamume. Njoo mwenye nyumba akirudi.' Nikamwambia, Mama, ni mimi, Msabaha. Akaniambia Msabaha wake bado mdogo, yuko chuoni kwa mwalimu, akirudi atanisalimu." Akaangalia ile sahani. "Ana haya, Nasim. Amekaa na mkojo kutwa nzima kwa ajili ya kunistahi mimi."

"Ulimuuliza hali?"

Msabaha akaiweka sahani chini. "Alisema hajambo."

Nasim alimwingiza mama bafuni, akamvua, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu. Mapaja yalikuwa yamechubuka. Mama alijikunja kidogo, lakini hakulalamika.

"Yule bwana ameondoka?" akanong'ona.

"Bado, Mama."

"Maskini, si mtu mbaya. Ila hajui kwenda zake."

Alipokwisha kumlaza, Nasim akakaa jikoni, akanyoosha miguu. Msabaha alikuwa ametengeneza chai, nayo ilikuwa na sukari ya watu kumi.

"Nimeona," akasema. "Basi fanya uonavyo."

"Sikukuleta kutoka Mombasa uje uniambie hivyo. Hiyo hata kwenye simu ulikuwa nayo."

"Ningemchukua tukaenda naye nyumbani."

"Mchukue."

"Nani atamwosha? Mke wangu ana mgongo."

"Na mimi nina nini, Kaka? Mgongo wa reli?"

Msabaha akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Unajua watu wetu. Wakisikia tu, watasema tumemtupa."

"Rudia."

"Nini?"

"Watasema nini?"

"Watasema tume..."

"Hiyo 'tu' umeitoa wapi?" Nasim aliuliza polepole. "Miaka yote naitafuta. Kumbe kwenye lawama sisi ni wawili, kwenye kazi niko peke yangu. Haya, umeshaitoa kinywani, usiimeze. Iweke panapostahili."

Msabaha alitazama mlango wa chumba cha mama. Alikuwa na mvi kidevuni, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyesomeshwa kwa kiboko.

"Tumpeleke," akasema.

Nasim hakumshukuru. Alichukua simu akaacha ujumbe kwa afisa kwamba familia imekubali na mama atakuja Jumatatu, wao wawili wakimsindikiza.

"Jumatatu?" akasema Msabaha. "Mimi naondoka Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Si ungengoja nimeshaondoka?"

"Utabeba sanduku lake. Utakaa naye kwenye teksi, na pale utapeana mikono na kila mtu, wajue ana mwana."

"Akiniuliza mimi ni nani?"

"Mwambie wewe ni dereva. Dereva humkubali, hupanda bila maneno."

Msabaha akafikiri. "Mimi sina leseni ya hapa, Nasim."

Nasim alifumba macho, akahesabu pumzi zake. "Teksi ina dereva wake, Kaka. Wewe utajiita tu."