Paka wa Mama Mkwe na Kitanda cha Mninga

Mama mkwe alishuka kwenye lori lililotoka Karema, ziwani, akiwa amekumbatia kikapu kilichofunikwa khanga, na kabla hata sijamaliza kusema shikamoo, kikapu kikalia nyau. Nilipiga goti, nikapokea ndoo ya dagaa, nikapokea begi, nikanyoosha mkono kupokea na kikapu. Akakivuta kwake.

"Huyu nambeba mwenyewe," alisema. "Amekuja kumlinda mume wangu."

Mume wake huyo alikuwa mwanangu wa kwanza, mtoto ambaye bado hata shingo haijakaza.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi mjini, mtaa wa Kawajense, na mume wangu anafanya kazi ya kupakia mizigo stesheni. Nyumba ilikuwa na sebule, chumba chetu, na kachumba kadogo tulikompa mama. Mahindi yalikuwa yamekubali mwaka ule, na kwa kuwa hatukuwa na stoo, magunia tuliyapanga chumbani kwetu, ukutani, karibu na kitanda cha mtoto. Kitanda hicho fundi alikitengeneza kwa mbao za mninga, kina fito pande zote, na mimi nilikuwa nakifuta vumbi kila asubuhi kama kiti cha padri.

Sasa nesi wa kliniki alikuwa ameshanionya. "Paka, mbwa, kuku, wote nje," aliniambia. "Mtoto mchanga akikaliwa usoni hana nguvu ya kumsukuma mnyama." Maneno hayo yaliniingia. Kwetu pia, kwa wazazi wangu waliotoka Burundi na kulima huku, mnyama hakuvuka kizingiti. Halafu siku ya kwanza tu nikamkuta yule paka, jike la kijivu lililonona, amejikunja ndani ya mninga wangu, mkia umelala shingoni kwa mwanangu.

Ungefanya nini? Mama mkwe haambiwi "mama, toa paka wako." Nilimbeba mtoto, nikatoka naye sebuleni alikokuwa amekaa mama anachambua mchele, nikamwambia mtoto kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, mwambie bibi kwamba nesi amekataza paka kitandani."

Mama hakuinua macho kwenye ungo. Alimwita paka, akampakata. "Wewe paka," alimwambia, "umesikia? Kumbe kuna nesi. Mimi nimezaa saba bila nesi, lakini wewe sikiliza."

Basi ikawa hivyo. Mimi nasema na mtoto, yeye anasema na paka, na nyumba nzima haina ugomvi. Jirani yetu alikuwa akija kuazima kinu anakaa muda mrefu kuliko haja ya kinu.

Nilifunga mlango, paka akapita dirishani. Dirisha halikuwa na wavu, na kulifunga kwa joto lile ni kumpika mtoto. Nikasaga pilipili kichaa, nikainyunyiza kwenye kizingiti cha dirisha. Nilichosahau ni kwamba mume wangu alikuwa akitundika kioo pale anaponyoa ndevu. Aliegemea kwa mikono miwili, akajifuta povu usoni, akapiga ukelele uliowatoa watu nje wakidhani ni mwizi. Paka alikuwa amekaa juu ya magunia anamtazama.

Mama alimmwagia mwanawe maji usoni huku akimhoji paka. "Wewe paka, nani kaweka pilipili dirishani? Ni wewe?"

"Mwanangu," nilisema, "mwambie bibi labda ni upepo umetoka nayo jikoni."

"Paka, huo upepo umeusaga vizuri sana."

Mume wangu, macho mekundu kama nyanya, alituomba sisi wanawake tuzungumze kama watu. Tulimjibu kwa pamoja kwamba hatuna tatizo lolote.

Baada ya hapo nikapigilia kipande cha chandarua dirishani, nikafunga mlango kwa komeo la nje, nikaenda bombani kwa amani. Niliporudi na ndoo kichwani komeo lilikuwa limefungwa vilevile, na paka alikuwa ndani, kifuani kwa mtoto. Safari hii sikucheka. Mtoto alikuwa amegeuza uso pembeni, jasho limemlowesha, anahema kwa haraka. Nilimrusha yule paka hadi kwenye magunia. Nikamnyanyua mtoto, nikamfuta jasho kwa khanga, nikamnyonyesha.

"Mwanangu," nilisema, "paka wa siku hizi wanajua kufungua komeo."

Kutoka ng'ambo ya ukuta nikajibiwa, "Paka, wa Karema wanajua hata kulifunga tena."

Kesho yake nilinunua kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga niliyovaa. Mchana, baada ya kula, mtoto akalala ndani ya kufuli, mimi nikakaa mlangoni nachambua maharage, na mama akaenda kujinyoosha kachumbani kwake. Paka alizunguka, akakwaruza mlango wangu, akakata tamaa, akaingia kwa mwenye mali.

Haukupita muda nikasikia kilio. Mama alitoka khanga upande, kitambaa cha kichwa kimedondoka, ameshika shingo. Nyuma yake paka anakuja taratibu, anapiga miayo. Nilimkimbilia, nikamkalisha, nikampa maji. Alikunywa, akamtazama mnyama wake kwa muda.

"Wewe paka," alisema, "nimeota nimefukiwa kaburini na watu wanaimba. Kumbe ni wewe umenikalia kooni. Una uzito wa jiwe la kusagia." Halafu akaendelea, bado anasema na paka, lakini polepole. "Hujui kwa nini nimekuleta. Umeona sikio la mwanangu? Lile lililopungua pembeni? Panya walimla sikio akiwa mchanga. Nilikuwa shambani, nimemlaza karibu na mahindi. Nikarudi nikakuta damu. Nikaapa hakuna mtoto wangu atakayelala bila paka, wala mjukuu."

Sikio hilo nililijua. Mume wangu aliniambia alikatwa na kinyozi. Kumbe kilichomtia aibu ni kuliwa na panya, akaona bora kumsingizia kinyozi.

Mtoto alikuwa amelala, sikuwa na wa kumtuma. Ikabidi nimgeukie mwenyewe. "Mama," nilisema, "panya wanafuata mahindi."

"Najua wanafuata mahindi."

"Basi tuyatoe mahindi chumbani."

Alinitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori. "Na mlikuwa mnangoja nini kuyatoa?" aliuliza.

Mume wangu aliporudi kazini alikuta kazi nyingine ya kupakia mizigo. Aliyabeba magunia yote hadi jiko la nje, akayapanga juu ya magogo, na mimi na mama tukasimama pembeni tunamwelekeza, kila mmoja upande wake. Paka akahamishiwa huko alinde mahindi badala ya mtoto. Mama mwenyewe alichomekea chandarua kuzunguka mninga, akavuta pembe zote, akajaribu kwa kidole kama kuna upenyo. Hakumruhusu paka kuingia tena, hata kachumbani kwake, na siku paka aliposahau alifukuzwa kwa kandambili.

Mama alirudi Karema mtoto alipoanza kukaa, akatuachia paka. Haukupita muda mwanangu akaanza kutambaa, na njia aliyoijua ni moja tu, ya jikoni. Siku moja nilimpoteza, nikamkuta nyuma ya magunia, amelala chali kwenye gunia tupu analolalia paka, mdomo umejaa dagaa aliowatoa kwenye kisahani cha paka. Paka alikuwa amesimama mbali kidogo, ananililia mimi nimtolee mgeni.

Nilituma habari Karema kwa dereva wa lori. Lori lililofuata lilileta ndoo ya dagaa na salamu za mdomo kwamba ndoo ni ya mume wake, ila amkumbuke na paka.