Macho ni ya Njia

Juma lililopita binti yangu aliniletea fungu la katani kutoka soko la Mukuyuni. Nilipoinusa tu, rafiki yangu, nikarudi utotoni, kando ya paja la susu, nyanya yangu mzaa mama, lililopakwa jivu ili nyuzi zisiteleze.

Susu alisuka kiondo, kikapu chetu cha katani, akitembea. Siku za soko nilimfuata na mzigo wangu mdogo wa ndengu, naye vidole vikienda vyenyewe huku akiwatania majirani njia nzima. Sikuwahi kumwona akitazama mikono yake. Nami nikijikwaa kwa kuzikodolea macho nyuzi zangu, alicheka: "Kiondo ni cha vidole. Macho ni ya njia."

Hakunifundisha kwa maneno. Aliweka kiganja chake juu ya changu, tukasokota pamoja pajani, mpaka siku moja nikagundua kiganja chake hakipo tena na uzi unaendelea.

Nilisuka hivyo miaka yote, nikiimba nyimbo za kanisa, nikiwaza chakula cha jioni. Sasa nina ugonjwa wa Parkinson. Daktari alinieleza kwa upole kwamba unaharibu ile sehemu ya ubongo inayotunza mazoea. Kweli, hata kifungo cha blauzi nakifunga kwa kuamuru kidole baada ya kidole. Mlangoni mwa kanisa miguu hukwama, nami huihesabia hatua kama askari. Nikisalimiwa njiani, nasimama kwanza ndipo niitikie.

Katani ile ilikuwa ya mjukuu wangu. Aliomba nimfundishe kabla sijashindwa kabisa, maana kwetu hakuna mwingine anayejua kuanza kiondo kama cha susu. Nikaweka kiganja changu juu ya chake. Kikatetemeka, kikakwama. Uzi ukafumuka.

"Basi niambie tu, susu," mjukuu akasema. "Unaanzaje?"

Nikafungua mdomo. Viondo vyote vile, na sikuwa na neno hata moja. Mkono ndio uliojua, nao umesahau.

"Si kitu," akasema, akizikusanya nyuzi. "Hata sokoni viondo vipo."

Mungu amenipa siku nyingi, na ninamshukuru bila kinyongo. Sijamwomba anirudishie mkono. Nilimwomba Jumamosi moja tu, ya kumwonyesha mjukuu mwanzo wa kiondo, naye amenyamaza.

Katani nimeitundika nyuma ya mlango. Kila nikipita huitazama, na nikiitazama, miguu husimama.